Lango Halisomeshi

Matokeo ya KCSE yakishatoka, mtaa wetu wa Fedha huwa na swali moja tu. Utalisikia kwa mama mboga, kwenye ngazi za ploti, nje ya kanisa, hadi ndani ya matatu: "Kijana ameitwa wapi?" Hakuna anayeuliza ameitwa kusomea nini, atafundishwa na nani, wala karo itatoka wapi hadi mwaka wa nne. Ni wapi tu. Jina la chuo likitajwa, watu hutikisa kichwa kwa heshima, ama huguna ile "aah, ni sawa tu" ambayo kila mtu anajua maana yake.

Mimi nasema swali hilo ni baya, na linamuumiza zaidi kijana wa aina moja: yule aliyepata C+ au B-, na anataka kusomea Uhusiano wa Kimataifa. Nimeishi Fedha miaka mingi. Nilisomea kozi hiyo hiyo katika chuo cha umma. Kila mwaka vijana wa ploti huniletea simu zao tuangalie pamoja machaguo ya KUCCPS, na kila mwaka naona kitu kile kile: mtoto anayejua anachotaka, akizungukwa na watu wazima wanaojua lango wanalolitaka.

Tuanze na hizo alama, maana ndizo zinatumika kumnyamazisha.

C+ ndiyo alama ya chini ya kuingia digrii moja kwa moja hapa Kenya. Katika KCSE ya 2024, waliopata C+ na zaidi walikuwa 246,391, kati ya watahiniwa zaidi ya 960,000. Hiyo ni kama robo. Katika kila wanafunzi wanne, watatu hawakufika. Sasa huyu wa nne, aliyefika, anarudi nyumbani kuambiwa amepata alama "za wastani", aachane na ndoto za ubalozi, achukue ualimu, ama chochote kile kitakachomwingiza chuo chenye jina. Wastani wa nani? Ukisimama na robo ya juu ya nchi nzima, wewe si wa wastani. Umezaliwa tu katika nchi ambayo imezoea kuhesabu A peke yake.

Halafu kuna ile namba inayotisha watu kwenye tovuti ya KUCCPS: alama za klasta. Hutokana na masomo manne yanayohusiana na kozi, zikichanganywa na alama zako za jumla, na kiwango cha juu kabisa ni 48. Kando ya kila kozi unaona alama ya mwisho ya miaka iliyopita. Wazazi wengi huisoma namba hiyo kama bei ya nyama: ile ya juu ni steki, ile ya chini ni matumbo. Tuseme chuo hiki kilifunga kwa 35 na kile kwa 27, basi mjadala umeisha.

Lakini ile ni alama ya mtu wa mwisho kupata nafasi mwaka ule, basi. Nafasi zikiwa chache na waombaji wengi, inapanda. Chuo kikiwa mbali na Nairobi, ama hakijulikani, inashuka. Haisemi mhadhiri huingia darasani ama haingii. Haisemi maktaba inafunguliwa saa ngapi. Foleni ya matatu tao jioni inaweza kufika kona ya pili, lakini urefu wake hauwezi kukuambia dereva anaendesha vipi.

Kwa hivyo ukiniambia, "Siwezi kuenda kile chuo, kat-off yake iko chini sana," nitakuuliza swali moja: chini kwa kulinganisha na nini? Na ukiniambia utachukua kozi usiyoitaka ili uingie lango kubwa, nitakuambia wazi kwamba unanunua fulana ya chuo kwa miaka minne ya maisha yako.

Najua jibu ambalo hurushwa hapa. "Kijana, hii si kozi ya watu wa Eastlands. Hii ni ya watoto wa mabalozi. Watu wa Runda. Wewe utamjua nani?" Nimelisikia kwa walimu, kwa mashemeji, na kwa wasee waliomaliza kozi yenyewe na bado wanatafuta kazi. Si jibu la kijinga, kwa hivyo nitalijibu kwa heshima.

Tazama kwanza wale waliofika juu. Musalia Mudavadi, aliyepewa Wizara ya Mashauri ya Kigeni mwaka 2023, alisomea uchumi wa ardhi Chuo Kikuu cha Nairobi. Amina Mohamed, aliyeshika wizara hiyo kuanzia 2013 hadi 2018, alisomea sheria Kyiv. Salim Ahmed Salim wa Zanzibar alikuwa balozi nchini Misri mwaka 1964 akiwa na miaka 22, na digrii zake alizipata baadaye. Akaishia kuwa Katibu Mkuu wa Umoja wa Nchi Huru za Afrika kuanzia 1989 hadi 2001.

Utaniambia Mudavadi ni mtoto wa waziri. Ni kweli kabisa, na hapo ndipo unaponisaidia. Kama familia ndiyo ilifungua njia, basi lango la chuo halikuifungua, na wewe usiye na familia hiyo hutaipata kwa kulipa karo kubwa zaidi. Utakaa darasa moja na mtoto wa balozi, mtacheka pamoja kantini, na siku ya kuhitimu yeye atapigiwa simu na mjomba wake. Urafiki ni mzuri, sikatai. Lakini mjomba hagawanywi.

Mwenzako wa mtaani anahitaji mlango mwingine, na mlango huo upo. Nafasi za kuanza kazi serikalini hutangazwa na Tume ya Utumishi wa Umma. Soma matangazo yake. Kwa kawaida husema digrii "kutoka chuo kinachotambuliwa". Kinachotambuliwa, yaani kilichoidhinishwa na Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu. Hilo ndilo la kuhakikisha kabla ya kutuma maombi. Hakuna tangazo linalosema lango liwe na chemchemi ya maji na bendera ishirini.

Nani basi ananufaika na imani hii ya lango? Wanaoliuza. Kuna vyuo ghali vya kibinafsi, na kuna mawakala wa vyuo vya ng'ambo wanaokodisha ofisi tao mwezi mmoja baada ya matokeo. Wanajua mzazi wa Fedha vizuri kuliko anavyojijua. Wanajua kwamba amehama kutoka chumba kimoja akafika vyumba viwili, kwamba jina la mtaa wake ni pesa ingawa pesa yenyewe haimfikii, na kwamba anaogopa kitu kimoja tu: mtoto kurudi nyuma. Kwa hivyo hawamwelezi mtaala. Wanampa picha za nyasi zilizokatwa.

Nina jirani, ploti ya tatu kutoka kwetu. Mama yake aliuza kipande cha shamba ili msichana asomee Uhusiano wa Kimataifa katika chuo cha aina hiyo. Pesa ya shamba ilifika mwaka wa pili ikaisha. Chuo hakikumfukuza, kilimfungia tu mtihani, muhula baada ya muhula. Leo anauza vifuniko vya simu, na ana madeni, na ana alama nzuri za mwaka wa kwanza ambazo hakuna mwajiri anayezitambua. Alikuwa ameitwa chuo cha umma kwa kozi hiyo hiyo. Familia ilikataa kwa sababu chuo kilikuwa mashambani.

Digrii nusu si nusu ya digrii. Ni deni tu.

Sisemi vyuo vya kibinafsi ni vibaya. USIU-Africa pale Kasarani imekuwepo tangu 1969 na Uhusiano wa Kimataifa ni kozi yake inayojulikana sana. Strathmore wana digrii ya masomo ya kimataifa. Kama kwenu mnaweza kulipa miaka yote minne bila kuuza kitu kinachowalisha, ama umepata ufadhili wa maandishi, si wa ahadi, nenda na usiombe mtu msamaha. Ninachopinga ni kulipa bei ya lango kwa matumaini kwamba lango litafanya kazi ambayo kozi, lugha na kusoma kwako ndivyo vinavyopaswa kufanya.

Sasa basi, uchague kwa kipimo gani? Mimi nina vinne, na jina la chuo halimo.

Cha kwanza ni kama utamaliza. Tangu 2023 wanafunzi wa vyuo vya umma hugawanywa kwa bendi kulingana na hali ya nyumbani, na bendi ndiyo huamua ufadhili ni kiasi gani, mkopo kiasi gani, na nyumbani watatoa ngapi. Desemba 2024 Mahakama Kuu ilisema mfumo huo unakiuka katiba, mambo yakapelekwa Mahakama ya Rufaa, na wanafunzi wakabaki katikati. Kwa hivyo usichukulie bendi kama neno la Mungu. Ukiona wamekuweka pamoja na watu wenye magari mawili, kata rufaa mapema, na uwe na karatasi za kuthibitisha. Halafu piga hesabu ya mkopo. Riba ya HELB ni asilimia 4 kwa mwaka, na ukikosa kulipa wakati wako ukifika, faini ni shilingi 5,000 kila mwezi. Mwambie mzazi namba hizo kabla hajakuambia jina la chuo.

Cha pili ni lugha. Hapa nitasema kwa ukali kidogo. Kozi ya Uhusiano wa Kimataifa inayokuruhusu kuhitimu ukiwa na Kiingereza peke yake inakuibia. Juni 25, 2024, siku ile ile vijana wenzetu walipoingia Bunge, polisi wa kwanza wa Kenya walitua Haiti, nchi ambayo lugha zake rasmi ni Kifaransa na Krioli. Februari 2025, marehemu Raila Odinga aliwania uenyekiti wa Tume ya Umoja wa Afrika akashindwa na Mahmoud Ali Youssouf wa Djibouti, anayezungumza Kifaransa, Kiarabu na Kiingereza. Sisemi lugha ndiyo iliamua kura. Nasema chumba kile kina watu wa lugha nyingi, na sisi tumezoea kuingia na moja.

Uliza chuo: je, Kifaransa ama Kiarabu ni lazima, na ni kwa mihula mingapi? Wakikujibu "ni hiari", jua kwamba itabidi ujifunze mwenyewe, uanze mwaka wa kwanza, si mwaka wa nne. Na usidharau Kiswahili unachokimwaga bure kwa kinyozi. SADC ilikifanya lugha rasmi mwaka 2019. Umoja wa Afrika ulikikubali kama lugha ya kazi Februari 2022. UNESCO imetenga Julai 7 kuwa siku yake duniani. Sasa angalia ni wangapi darasani mwako wanaoweza kuandika barua rasmi ya kurasa mbili kwa Kiswahili bila kukwama. Hiyo ni nafasi iliyoachwa wazi, na mtoto wa Eastlands yuko karibu nayo kuliko mtoto wa Runda.

Cha tatu ni kama kozi ina uchumi, sheria na takwimu ndani yake. Kuna mitaala ya uhusiano wa kimataifa ambayo ni historia ya vita vya Ulaya, kisha nadharia, kisha cheti. Omba orodha ya masomo ya miaka yote minne. Chuo kinachokataa kukuonyesha orodha kabla hujalipa kimeshakujibu.

Cha nne ndicho ninachokipenda zaidi: kama chuo kitakufundisha kusoma mahali ulipo. Tumelishwa uongo kwamba uhusiano wa kimataifa unaishi Gigiri, nyuma ya ua wa Umoja wa Mataifa, na sisi wa Embakasi tuko mbali nao kwa matatu mbili. Panda juu ya ploti yenu Fedha, pale kwa kamba za nguo. Upande mmoja ndege zinashuka JKIA. Hapo karibu ni bandari ya nchi kavu ya Embakasi, ambako treni ya mizigo ya SGR huleta makontena kutoka Mombasa, kwenye reli iliyojengwa kwa mkopo wa benki ya Exim ya China. Ukitoka kuelekea Mombasa Road unakutana na barabara ya juu iliyojengwa na kampuni ya China na kuanza kutumika mwaka 2022. Huo wote ni mkataba, deni, na mazungumzo ambayo mtu fulani aliketi akayafanya kwa niaba yako.

Ama chukua nguo uliyovaa. Mwaka 2016 viongozi wa Afrika Mashariki walikubaliana kupunguza mitumba hadi iishe ili viwanda vya hapa vipumue. Wafanyabiashara wa Marekani wakalalamika, na Marekani ikatishia kuziondoa nchi hizi katika AGOA, ule mpango wa kuuza bidhaa kule bila ushuru. Kenya ikarudi nyuma. Rwanda ikasimama, na mwaka 2018 ikasimamishiwa nafuu hiyo kwa upande wa nguo. Hiyo ni diplomasia ya hali ya juu, na ushahidi wake umetandikwa chini Gikomba kila asubuhi. Mwanafunzi anayeweza kueleza kisa hicho kuanzia kwenye marobota hadi Washington hatahitaji kuombewa na lango lolote.

Kwa hivyo ukiitwa Maseno usilie kwamba uko mbali na mabalozi. Uko kwenye njia ya kuelekea Busia, ambako wafanyabiashara wa nchi mbili huishi na sheria za Jumuiya ya Afrika Mashariki kila siku, zikifanya kazi ama zikikwama. Fanyia utafiti huko. Ukibaki Nairobi, una Hifadhi ya Nyaraka za Kitaifa pale kati ya jiji, una maktaba ya McMillan na tawi lake la Makadara, na una Eastleigh, ambako siasa ya Somalia huathiri biashara kabla haijafika kwenye magazeti. Hati za Baraza la Usalama zinasomwa bure mtandaoni, na bando unayotumia kwa TikTok inazitosha.

Na yule aliyepata C kavu, ama C-? Nawe usitupwe. Diploma huanzia C-, na kutoka diploma watu huingia digrii. Inachukua muda mrefu zaidi, na huna haja ya kuficha hilo. Kama unaweza kuvuka mpaka, Dar es Salaam kuna chuo cha diplomasia pale Kurasini, kilichoanzishwa mwaka 1978 na Tanzania pamoja na Msumbiji, nchi mbili maskini zilizoamua kwamba hazitangoja wengine wawafundishie mabalozi. Leo kina jina la Salim Ahmed Salim. Ulizia masharti na karo mwenyewe, kwa chuo chenyewe, si kwa wakala.

Kuna jambo moja la haki ambalo wapinzani wangu husema, na sitalikwepa: kazi ni chache. Ni kweli. Wizara haiajiri maelfu, na Umoja wa Mataifa umekuwa ukipunguza watu. Lakini ukweli huo unaunga mkono upande gani? Kama kazi ni chache, basi kuingia sokoni ukiwa na deni la lango ni hatari zaidi, si kidogo. Anayehitimu akiwa na lugha mbili, uwezo wa kuandika ripoti, na deni analoweza kulilipa anaweza kwenda kwa shirika la wakimbizi, kampuni ya kuondosha mizigo bandarini, gazeti, serikali ya kaunti, ama akafanya biashara na Kampala. Aliyehitimu na jina la chuo peke yake atakaa akingoja jina limpigie simu.

Kwa hivyo natoa madai matatu, hadharani.

Kwa vyuo: chapisheni wahitimu wenu wa kozi hii wako wapi miaka mitatu baada ya kumaliza, mna wahadhiri wangapi wa kudumu, na ni wangapi walioanza wakaacha kwa sababu ya karo. Mnatumia pesa kwenye mabango ya Outer Ring. Tumieni kidogo kwenye ukweli.

Kwa KUCCPS: kando ya ile alama ya mwisho, wekeni maelezo kwa Kiswahili chepesi kwamba hiyo ni alama ya foleni. Mstari mmoja tu. Utaokoa mashamba mengi.

Kwa wazazi wetu: mama, baba, tunajua mlikopanda kutoka. Hatuombi mdharau elimu. Tunaomba kabla ya kuuza kitu, mkae na mtoto wenu mezani, mwe na karatasi nne: orodha ya masomo, karo ya miaka yote minne, bendi yake, na barua ya kuthibitisha kwamba kozi imeidhinishwa. Karatasi moja ikikosekana, msitume pesa hadi ipatikane.